Faili Langu Limefukizwa Udi

Leo nimekwenda kujiandikisha kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria, na faili langu linanukia kama bi harusi.

Bibi yangu kalifukiza udi alfajiri, mie nimelala. Hakuniambia.

Yule mama wa dirishani kalifungua tu, foleni nzima ikageuka. Mie nacheka kwa haya.

Kisha kainua picha yangu ya pasipoti. Cheche ya chetezo cha udi imenitoboa shavu pichani.

"Binti yangu, hii siwezi kuipokea. Na leo ndiyo mwisho."

Nimekimbilia studio ya picha mtaa wa Wattaya, nimepiga nyingine, nimerudi wanakaribia kufunga.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nnapanga maneno ya kumwambia bibi. Maneno makali, ya kiwakili.

Nafika, yuko mlangoni ananingoja, bado kavaa kanga ya kusalia.

"Wamekupokea?"

"Wamenipokea, bibi."

"Si ndo udi wangu huo! Siku ya mtihani ntakufukizia na kalamu."

Wakili mzima, nikasema ahsante.

Haya wenzangu, nijibuni kwa dhati: kalamu ya plastiki juu ya chetezo huhimili dakika ngapi?