Wimbo Niliowatukania Mama wa Mtoni

Nakumbuka asubuhi moja nilivyofungiwa mtoto mgongoni mbele ya mama wote wa mtoni, mi niliyejiita Mdomo Moto. Cheka tu, mwanangu. Hata mi nacheka.

Wakati ule nilikuwa kijana wa rap hapa Kolwezi, kofia nimeigeuza mbele nyuma, na wimbo wangu ulipigwa kila kona ya mtaa wetu wa Manika. Wakubwa wa mji niliwagusa kidogo tu, kisha nikawageukia mama wanaoosha mawe ya shaba mtoni: mama gani huyu, nikaimba, anashinda majini na mtoto mgongoni? Vijana walinishangilia sana. Lakini ulimi hauna mfupa. Jumapili ile kanisani, hakuna hata mmoja wa mama wale aliyemsalimia mama yangu. Alirudi nyumbani akalia, na aliyemliza ni mi.

Nikaenda mtoni kuomba msamaha. Mama Ngalula, mkubwa wao, hakunigombeza. Alifungua kitenge chake, akanifunga mtoto wake mgongoni, akanipa chungio lililojaa mawe.

"Osha, tata," aliniambia, akiniita baba kama mama anavyombembeleza mwanawe.

Wee! Maji baridi, kiuno kinauma, na mtoto akanikojolea mpaka kwenye suruali. Mama wote walikufa kwa kicheko. Jua halijapanda, nikamuuliza, "Mama, juu ya nini haumuachake kwa nyumba?"

"Nimuache na nani? Bakubwa balijenga wapi nyumba ya kuchungia batoto? Uliza bao bakubwa. Banapitaka hapa kila siku na mamotokari, madirisha ya kufunga."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikauandika wimbo upya: Mheshimiwa, shuka garini, nikufunge mtoto mgongoni, uoshe jiwe moja tu. Wakubwa walinuna. Mama wa mtoni waliucheza na machungio yao mkononi, na Jumapili Mama Ngalula akamkumbatia mama yangu mlangoni pa kanisa. Furaha ile ninayo mpaka leo.

Basi imba, mwanangu. Usiogope kuwasema wenye nguvu, kazi hiyo ni ya vijana. Lakini kabla ya kumwimba mtu, beba mzigo wake hata asubuhi moja, na usimpige aliye chini kwa kosa la aliye juu. Mungu akupe sauti isiyokauka, na mama yako asalimiwe kila anapopita.