Halowini, Mimi na Mbwa wa Binti Yangu

Nilikolelewa mimi, mbwa analala nje, anakula ukoko wa ugali, akiingia ndani anaonyeshwa ufagio. Huyu wa binti yangu, hapa Cedar Hill ughaibuni, ana godoro lake.

Jioni ya Halowini, siku ambayo watoto wa huku huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, binti yangu alikuwa anakwenda zamu hospitali. Akaniachia bakuli la pipi na onyo. "Mama, watoto wakigonga, fungua mlango kidogo tu, wape, funga. Mbwa akiona vinyago anachanganyikiwa. Akitoka atagongwa na gari."

"Nimewalea nyinyi, mbwa ndiye atanishinda? Nenda kazini."

Kundi la kwanza likaja, limejipaka damu na kuvaa mifupa. Nikawapa pipi kwenye upenyo wa mlango, nikafunga. Nafsi ikanisuta. Mgeni hapewi kitu mlangoni kama ombaomba. Anaingia, anakaa, anakunywa hata maji. Basi kundi la pili nikawafungulia mlango wote. "Karibuni ndani! Vueni viatu!"

Watoto wakarudi nyuma, wanatazamana. Aliyeelewa kwamba mlango uko wazi ni mbwa peke yake. Alipita katikati ya miguu yangu kama mshale.

Nikamfuata mbio, kanga mbili na ndala za bafuni. Jina lake la kizungu halijawahi kukaa mdomoni mwangu, kwa hiyo mtaa mzima ulinisikia: "We mbwa! We mbwa, rudi!" Baba mmoja mwenye watoto wake akanisifu kwamba nimevaa vizuri kweli, akauliza nimejifanya nani. Nikampita. Huko mbele gari lilikuwa limefunga breki kwa kelele.

Hakugongwa. Alikuwa amejibanza chini ya gari lililoegeshwa, anatetemeka. Nikamkaripia, akazidi kurudi nyuma. Ikabidi nilale kifudifudi kwenye lami, mtu mzima mimi, nimbembeleze kama ninavyobembeleza wajukuu: "Njoo baba. Njoo mume wangu, bibi yupo."

Akaja. Nikambeba kifuani, mzito kama gunia, ananilamba shavu na mimi sina mkono wa kujifuta. Simu ikalia kiunoni. Nikaichomoa kwa taabu.

"Mama, mbwa yupo?"

"Yupo."

"Yupo ndani?"

"Ndiyo tunaingia," nikasema. Mdomo wangu haujawahi kunisitiri.