Felicitas Akataa Kufufuka

Kwa miaka kumi na tisa Felicitas amekuwa karani wa mizani katika kituo cha kupokelea majani chai, juu kidogo ya mji wa Runyenjes, na watu wa huko husema kazi hiyo aliipata kwa sababu ya koo lake. Akiita jina la mkulima na uzito wa gunia, hata aliye ng'ambo ya bonde anapalilia kahawa husikia, akajua jirani yake kavuna vizuri, akanuna. Jumapili koo hilo hilo huongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Padri mmoja aliyehamishwa zamani aliwahi kumwomba apunguze kidogo, maana vioo vya madirisha vilikuwa vipya.

Nyumbani ni mke wa Muriithi seremala na mama wa Kinya, kwa hiyo wengi humwita Mama Kinya. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu mambo haya yalipomkuta, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kuimba kitu kingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Aliyemuuliza ni Oscar. Kijana huyu wa Meru mjini alikuwa amesomea muziki Ulaya miaka minne, akarudi na shahada, shali ndefu asiyoivua hata jua la saa saba, na wazo moja tu kichwani: kuandaa opera. Aliitaka ile ya zamani sana aliyoisoma chuoni, ya binti wa msagaji ngano aliyempenda askari wa ng'ambo ya mto, akaletewa habari za uongo kwamba askari amekufa vitani, akanywa sumu. Oscar akaihamishia nyumbani. Msagaji ngano akawa mwenye kinu cha posho Runyenjes. Askari akawa dereva wa lori la mchanga kutoka Kiritiri, kule chini kwenye joto, ambako watu wa milimani hupenda kusema kwamba mazao ni mawili tu, mbuzi na vumbi. Vita vikawa timbo la mchanga lililoporomoka.

"Opera ndiyo nini, mwalimu?" Felicitas alimuuliza siku alipofuatwa kituoni, gunia likiwa bado linaning'inia kwenye mizani.

"Ni mchezo ambao kila kitu kinaimbwa, Mama Kinya. Hata mtu akiomba chumvi, anaiomba kwa wimbo."

"Na huyo binti anaishia wapi?"

"Anakufa."

"Akiimba?"

"Dakika tisa."

Felicitas alicheka hadi akakosea kuandika kilo za mzee wa watu. "Aliyekunywa sumu aimbe dakika tisa! Hizo pumzi anazitoa wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi," Oscar akasema bila kutabasamu. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Muriithi hakupendezwa. "Mke wangu afe mbele ya watu," alisema akipiga randa ubao, "halafu nikipeleka meza sokoni waniulize matanga ni lini?" Lakini ndiye aliyetengeneza kitanda cha kufia, na akakifanya imara kuliko kile wanacholalia nyumbani.

Wa kuwa dereva wa lori alipatikana Kiritiri kwenyewe. Kithaka alikuwa dalali wa mbuzi, hajawahi kuimba kwaya hata siku moja, na Oscar alimsikia siku ya soko akimsifu beberu mmoja kwa sauti iliyowafanya wanunuzi wa mkaa waache mkaa. Alikuja mazoezini na kifungu cha muguka, yale majani ya kutafuna, mfukoni, akauliza swali moja tu: "Huyu mama ndiye nitakayempenda? Sawa. Niambieni nimpende kutoka wapi mpaka wapi."

Miezi minne walifanya mazoezi. Nyimbo nyingine Felicitas alizishika upesi, lakini wimbo wa mwisho, ule wa kufa, ulimsumbua, kisha ukamshika. Alikuwa akiuimba jioni akipita katikati ya michai kurudi nyumbani, na wanawake waliokuwa wakichuma walinyoosha migongo wakanyamaza. "Mkimwona, mwambieni nilingoja mpaka kinu kikanyamaza." Maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo. Akiyafikia alisimama njiani, na hakujua kwa nini, maana hakuna aliyewahi kumngojesha isipokuwa fundi wa simu.

Lakini opera hiyo ilikuwa chini ya Kamati ya Tamasha la Mlima, na kamati ilikuwa na mwenyekiti, Bi Winrose, mama mwenye jozi mbili za miwani: moja ya kusomea barua, nyingine ya kukataa.

Kikao cha kwanza kilihusu sumu. Mfadhili mkuu alikuwa mwenye duka la dawa za kilimo, na bango lake lingetundikwa nyuma ya jukwaa. "Haiwezekani," akasema Bi Winrose, "mtu anywe dawa ya kahawa afe chini ya bango la muuza dawa." Oscar akafuta sumu, akaandika homa ya mapafu. Kikao cha pili, mjumbe wa afya akauliza kama nia yao ni kuwaambia wageni kwamba zahanati hazina dawa. Homa ikafutwa. Ikaletwa radi, mjumbe wa kanisa akataka kujua Mungu ana ugomvi gani na msichana huyo. Wajumbe wa milimani wakasema binti yao hawezi kufa kwa ajili ya mwanamume wa Kiritiri. Wajumbe wa Kiritiri nao wakajibu kwamba kijana wao hawezi kuonyeshwa akichelewa, kwa kuwa watu wa kwao hawachelewi, na jibu hilo walilifikisha kikao kikiwa kimekwisha.

Mwishowe ikaamuliwa kwamba binti atazimia kidogo, dereva atamnyunyizia maji, ataamka, na hapo hapo patakuwa na harusi. Kulikuwa na mwenye duka la mikate aliyejitolea keki.

"Kwa hiyo ni opera ya msiba isiyo na msiba," Oscar akasema.

"Ni opera ya maendeleo," Bi Winrose akamsahihisha.

Oscar alimpelekea Felicitas habari hizo akiwa ameshika shali mkononi kama mtu anayetoka mazishini. Wimbo wa mwisho umeondolewa, alisema. Binti aliyezimia hawezi kuimba dakika tisa. Felicitas alirudi kwenye mizani, na siku hiyo akaita majina kwa sauti ndogo sana hata wakulima wakalalamika kwamba wanaibiwa.

Onyesho liliwekwa Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Salesio, mwakilishi wa wadi, aliyetarajiwa saa nne asubuhi. Ilipofika saa nane mchana hajaonekana, watoto wamemaliza soda na wazee wameanza kuuliza kama chakula kipo, Bi Winrose akaruhusu waanze.

Mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyoogopa. Kithaka alimpenda Felicitas kutoka pale mpaka pale alipoelekezwa, ingawa katika wimbo wa kumposa alisahau jambo la kufanya na mikono, akamshika kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama miguu. Wanaume waliojua soko la mbuzi walishangilia. Muriithi, aliyekaa safu ya tatu, hakushangilia.

Kisha ikaja habari ya timbo lililoporomoka. Mleta habari aliimba, akaondoka, na Felicitas akabaki peke yake mbele ya kinu cha maboksi. Hapo ndipo alipotakiwa azimie. Aliwatazama watu. Wengi walikuwa wakulima wake. Aliwajua kwa namba zao za mizani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akinong'ona. Akaona haya, kama mtu aliyewaalika wageni kisha anataka kuwapa sahani tupu.

Akavuta pumzi, akaanza wimbo wa mwisho.

Oscar, kwenye kinanda, alisimamisha vidole. Akamtazama Bi Winrose. Akamtazama Felicitas. Kisha vidole vikamfuata mama huyu kama ng'ombe wanaojua njia ya kwenda mtoni. Bi Winrose alinyanyuka kitini, akabadilisha miwani, lakini hakujua amkataze nani, kwa kuwa hakukuwa na chupa wala radi. Binti alikuwa akifa tu, na ukumbini hakuna aliyehitaji kuambiwa sababu. Ilipofika "mpaka kinu kikanyamaza", Felicitas aliishusha sauti yake, ile iliyowahi kuvuka mabonde, ikawa ndogo ya kusikiwa na mtu mmoja. Akalala kwenye kitanda cha Muriithi, akafumba macho.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga ukemi, na ukumbi mzima ukaangua kilio. Kwaya, waliovaa nguo nyeusi chini ya zile za harusi kwa sababu hawakuwa na imani na kamati, walizivua za juu, wakaja wakamfunika Felicitas shuka jeupe. Kithaka akaingia mbio na ufunguo wa lori mkononi, akapiga magoti.

Wakati huo huo mlango wa pembeni ukafunguliwa, Mheshimiwa Salesio akaingia.

Alikuwa ametoka kwenye mazishi mawili na alikuwa na mengine matatu mbele. Akaona maiti chini ya shuka, mwanamume amepiga magoti, kwaya imevaa nyeusi, watu wanalia. Hakuhitaji kuelezwa. Alivua kofia, akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti.

"Wapendwa waombolezaji," alianza, "marehemu nilimjua vizuri. Juzi tu alinipigia simu."

Kilio kikakatika. Watu walitazamana. Baadhi walidhani ni sehemu ya opera, wakashangaa mbona huyu haimbi. Mheshimiwa akaendelea. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya wadi, na kwamba maneno yake ya mwisho kwake yalihusu barabara ya kwenda kiwandani, ambayo mkandarasi angeanza wiki ijayo. Aliwaomba viongozi walioandamana naye wainuke wasalimie. Wakainuka mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa amemjua marehemu vizuri.

Chini ya shuka, joto lilikuwa jingi na nzi alikuwa amepata njia ya kuingia. Bi Winrose alipita nyuma ya kitanda akanong'ona, "Mama Kinya, amka! Mgeni rasmi amefika!"

"Mimi nimekufa, madam," Felicitas akajibu bila kusogeza midomo.

"Amka tukate keki!"

Hakuamka. Alimkumbuka mama yake, waliyemzika miaka sita nyuma. Siku ile wanasiasa tisa walizungumza karibu na jeneza, na ilipofika zamu ya kwaya wakaambiwa waimbe ubeti mmoja, mvua inakuja. Felicitas alikuwa ametunga wimbo wenye beti nne. Sasa akakaza macho, akamwacha nzi atembee kwenye pua. Wakitaka kumfufua, wambebe.

"Mama Kinya," Kithaka akanong'ona, magoti yakimuuma, "si bado nina wimbo wangu?"

"Si uimbe."

"Mheshimiwa bado anahutubu."

"Kwani sokoni huwa unangojea wengine wamalize?"

Kithaka akafikiri kidogo, akaona ni kweli. Akainua kichwa, akaanza kumlilia mpenzi wake. Mheshimiwa alikuwa na kipaza sauti, Kithaka alikuwa na mapafu aliyoyakuza kwa miaka kumi na tano ya kushindania bei na madalali wengine kwenye upepo wa Kiritiri. Kwa muda walikwenda bega kwa bega, barabara upande huu, mapenzi upande ule. Kisha ile barabara haikusikika tena. Mheshimiwa alikishusha kipaza sauti, akageuka, akamwona mfiwa huyu mkubwa mwenye vumbi la mchanga kwenye nyusi, na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe akaanza kulia. Hakuwa analia machozi ya kazi. Alitoa leso, akakosa pa kuanzia kufuta.

Wimbo ukaisha. Watu walisimama, wakapiga makofi na vigelegele. Felicitas, kama walivyofundishwa, akaketi kitandani, akajifunua shuka, akainama kuwashukuru.

Mheshimiwa Salesio alikuwa hatua moja kutoka kwake. Alipiga kelele ambayo Oscar baadaye alisema ndiyo noti ya juu kuliko zote siku hiyo, akarudi nyuma, akakosa jukwaa, akaangukia juu ya keki.

Video ilisambaa mpaka kwa watu wa huko wanaoishi ng'ambo. Siku mbili Mheshimiwa hakupokea simu. Siku ya tatu alitoa taarifa kwamba yeye ni mpenzi wa sanaa tangu utotoni, kwamba alishirikiana na mwalimu Oscar kwa siri, na kwamba hata kuanguka kulifanyiwa mazoezi. Kamati ilikutana haraka ikampa cheti cha mwigizaji bora wa kiume. Kithaka aliposikia aliuliza kama cheti hicho kinaweza kuliwa na mbuzi. Felicitas naye aliandikiwa barua ya onyo kwa kufa bila idhini, iliyotiwa muhuri mara mbili. Muriithi aliitengenezea fremu.

Baada ya mwezi mmoja Oscar alialikwa kuileta opera Meru mjini. Mheshimiwa alidai nafasi, kwa kuwa sasa watu walimngojea yeye, akaandikiwa hotuba fupi ya kukatizwa. Bi Winrose akaja na mapendekezo mapya. Felicitas alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akamwambia, "Madam, mengine yote badilisheni. Nitakapokufa, nitakufa kwa wakati wangu." Akarudi kwenye mizani.

Alikufa Meru alasiri tatu mfululizo. Siku ya tatu, wakati kwaya inakunja nguo na Kithaka yuko nje akibishana na mtu kuhusu bei ya mwana-kondoo, ajuza mmoja aliyejitambulisha kuwa Nkirote, ametoka huko juu Imenti, aliingia nyuma ya jukwaa bila kubisha. Alimshika Felicitas mkono kwa muda mrefu.

"Mwanangu, ulimpenda kweli yule mwanamume?"

"Yule, cucu? Yule ni wa mbuzi. Mimi nina mume, yule pale anafungua kitanda."

Ajuza akamtazama Muriithi aliyekuwa akitoa misumari na kuitia mfukoni. Akatikisa kichwa. "Sikuuliza una nani," akasema. "Wangu nilimngojea miaka miwili, alipokwenda vita vya msituni vya kupigania uhuru. Hebu niimbie pale penye kinu. Polepole, masikio yangu si mazuri."

Felicitas akaketi kwenye ukingo wa kitanda kilichobaki na miguu mitatu, akamwimbia.