Mayai Hufungwa, Wifi Hafungwi

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke mmoja alibeba mayai kwa baiskeli kutoka banda la kuku lililo pembeni ya mji hadi madukani, na katika miaka hiyo yote mayai aliyoyavunja hayakujaza bakuli. Watu walimwita Mama Trei. Kila asubuhi alipanga trei nane juu ya keria, akazifunga kwa mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu ya lori, akapanda na kwenda zake. Siri yake ilikuwa macho. Shimo aliliona likiwa bado hatua ishirini mbele, na kabla hajalifikiria, kiuno kilikwisha kugeuka, baiskeli ikapita pembeni kama maji yanavyolipita jiwe.

Sasa sikiliza jinsi ujuzi huo ulivyomponza.

Fundi baiskeli, yule aliyekuwa akimkazia breki, aliamua kuanzisha timu ya wanawake sita wa kushindana mbio kwa kujifurahisha, akajipa cheo cha ukocha, akawaazima baiskeli za mbio. Wa kwanza kumchukua alikuwa Mama Trei. "Miguu hiyo unaipoteza kwa kuku," alimwambia. Naye Mama Trei akamvuta wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye saluni ya chumba kimoja karibu na stendi. Walikuwa mawifi wa kweli hawa: asubuhi wanachekeana, jioni wamenuniana, na aliyetaka kuwapatanisha alijikuta wamemgeukia wote wawili.

Katika shindano la kwanza Mama Trei alitoka kama mbuzi aliyekata kamba. Kwa kilomita kumi hakuna aliyemwona ila mgongo, na alijiona amekwisha kushinda. Lakini alikuwa peke yake na upepo. Kufika kilomita ya kumi na tano miguu ilikuwa mizito kana kwamba si yake, na kundi likampita likiwa limejibanza pamoja, wifi yake katikati, hata jasho hana.

"Karibu duniani, wifi!" alimpigia kelele akipita.

Jioni ile kocha aliwakalisha mbele ya karakana yake, kila mtu juu ya tairi bovu, akawafundisha. Anayekwenda mbele hupigwa na upepo kwa niaba ya wenzake. Wa nyuma hukaa karibu na gurudumu lake, na baada ya muda hubadilishana.

"Karibu kiasi gani?" aliuliza Mama Trei.

"Upana wa kiganja."

"Na wa mbele akikwepa kitu?"

"Hakwepi ghafla. Anatoa mkono, anataja kwa sauti: shimo kulia, jiwe kushoto. Kisha mnasogea wote, taratibu. Wa nyuma haoni barabara. Anaona makalio yako tu."

Walicheka. Mama Trei aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, na ni kweli alielewa. Bahati mbaya kichwa ndicho kilichohudhuria darasa. Kiuno hakikuwepo.

Wiki ya shindano la pili mawifi walikuwa wamenuna. Wifi aliazima sufuria kubwa, akairudisha imeungua. Mama Trei aliitundika ukutani nje ya nyumba, upande mweusi ukitazama njiani, ili kila apitaye ajionee. Hata hivyo, siku ya mbio walikwenda vizuri. Baada ya nusu ya safari walikuwa wa tano na wa sita, Mama Trei mbele, wifi nyuma yake kwa kiganja kimoja, wakishuka mteremko wa maghala kwa kasi iliyowatoa machozi kwa upepo. Shimo lilikuwa upande wa kulia, si kubwa. Mama Trei aliliona. Kiuno kikageuka.

Nyuma yake ulisikika mlio wa chuma, kisha mlio mwingine mdogo, mkavu, ambao hakuujua. Alipogeuka, wifi yake alikuwa amekaa katikati ya barabara, ameshika bega lake kana kwamba anamzuia mtu asiingie.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Hospitalini walimfunga mkono kifuani wakamwambia asiuinue mpaka waseme wao. Msusi asiyeweza kuinua mkono! Mama Trei alisimama karibu na kitanda, bado amevaa nguo za mbio.

"Ulijua niko nyuma yako?" wifi aliuliza.

"Nilijua."

"Na shimo uliliona?"

"Nililiona."

Wifi akageuzia uso wake ukutani. "Basi. Nimeshajua."

Mama Trei alitaka kuongeza neno, lakini kila neno lililomjia lilikuwa la kweli na bado lilinuka uongo. Akaondoka.

Mtaani habari ilifika kabla yake. "Ugomvi wa jikoni umehamia barabarani," walisema. "Mawifi hao, uliwasikia wapi wakapendana?" Na ile sufuria bado ilikuwa ukutani, nyeusi, ikitoa ushahidi. Mumewe, seremala mpole, alizunguka nyumba kama aliyepoteza msumari.

"Nikisimama upande wako nimemkana dada yangu," alisema. "Nikisimama upande wake nitalala karakana."

"Kalale. Kuna maranda, ni laini kuliko godoro letu."

Alitania, lakini rohoni hakuwa na utani. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa maneno ya watu. Alikuwa akijiuliza mwenyewe: je, mwili wangu ulijua? Je, kiuno kilikuwa na kinyongo cha sufuria mimi nisikijue? Wala hakusukwa nywele tena. Miaka yote kichwa chake kilikuwa cha wifi, na kwenda kwa msusi mwingine kungekuwa kutangaza kwamba undugu umekwisha. Akafunga kitambaa, akakifunga kila siku.

Alirudi mazoezini, akakuta adhabu isiyotamkwa. Zamu yake ya kwenda mbele ikifika, mstari ulikatika. Wenzake walibaki nyuma hatua tano, sita, kila mmoja akidai mnyororo unamsumbua. Hakuna aliyemtukana, na ingekuwa afadhali wamtukane. Timu ya mbio ni mstari, na yeye alikuwa mahali mstari unapokatikia.

Mwishowe kocha alimwita karakanani. "Nimekuangalia," alisema, akipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Si ubaya ulionao. Una miaka kumi na mmoja ya kubeba mzigo usioambiwa kitu. Ukikwepa, unakwepa nao. Mama Trei, mayai yamefungwa kwenye keria. Wifi yako hakufungwa."

Mama Trei alikaa chini juu ya tairi. Ilikuwa kama mtu amemwonyesha kipele mgongoni ambacho alikuwa akijikuna pembeni yake kwa wiki nyingi.

"Nifanye nini?"

"Sema. Kila shimo, kila jiwe, kila siku, hata ukiwa na mayai peke yake. Sema mpaka kiuno kisigeuke kabla ya mdomo."

Basi mji ukapata kichekesho kipya. Mama Trei alipita na trei zake nane akinyoosha mkono na kupaza sauti, "Shimo kulia! Kokoto kushoto! Kuku mbele, taratibu!" na nyuma yake hakuna mtu.

"Mama Trei, unaongea na nani?" muuza duka mmoja alimuuliza.

"Na wifi yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Amevunjika."

Muuza duka alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akapokea mayai yake.

Miezi saba ilipita tangu ajali. Wifi aliruhusiwa kupanda baiskeli. Alirudi mazoezini mwembamba zaidi, mkali zaidi, na katika mstari alichagua kukaa mbali na Mama Trei kadiri mstari ulivyoruhusu. Walisalimiana kwa sababu ya watu. Asubuhi ya shindano la tatu kocha alimvuta Mama Trei pembeni.

"Sitakuficha. Wenzako wameniambia hawataki kukimbia na mtu wasiyeweza kumfuata. Leo akipatikana hata mmoja wa kukaa nyuma yako, nitawanyamazisha. Asipopatikana, baiskeli utairudisha jioni."

Njia ilikuwa ileile: kwenda hadi kwenye daraja, kugeuka, kurudi. Kwenda walisukumwa na upepo na kila mtu alijiona hodari. Walipogeuka, upepo uliwapiga usoni kama mlango. Kundi likapasuka. Wanawake wanne wa timu nyingine walitoroka pamoja, wakibadilishana zamu. Nyuma yao, mita mia mbili, alibaki Mama Trei peke yake. Na nyuma yake, hatua kumi, wifi, naye peke yake.

Wangeungana, wangewafikia wale wanne. Kila mmoja kivyake, hakuna ambaye angefika popote.

Mama Trei alipunguza mwendo. "Wifi! Njoo nyuma yangu!"

"Bora upepo!" sauti ilijibu. "Mimi na upepo hatujaazimana sufuria!"

Mama Trei alirudisha macho barabarani, akaanza kutaja. "Shimo kulia! Mchanga kushoto! Safi, safi mbele!" Alitaja kwa nafasi tupu, kama alivyotaja kwa miezi, mkono ukitoka, ukirudi. Kilomita moja ikapita. Wale wanne walizidi kuwa wadogo. Koo lilimkauka na bado alitaja.

Kisha akasikia mnyororo ambao haukuwa wake. Ulikuwa unamkaribia. Baada yake ikaja pumzi, nzito, ya mtu aliyeshindana na nafsi yake na sasa amechoka. Hakugeuka nyuma. Aliogopa hata kukohoa. Kivuli cha gurudumu kilisogea pembeni ya mguu wake, kikatulia. Kiganja kimoja.

Mwili wake wote ulikumbuka ule mlio mkavu. "Jiwe kushoto," alisema, na sasa hakuhitaji kupaza sauti. "Tunasogea kulia. Taratibu." Wakasogea, wawili kama mmoja. Kisha wifi akapita mbele, akachukua upepo, akarudi nyuma tena. Hawakuzungumza ila mashimo na mawe. Pengo likawa mita mia, likawa hamsini. Mama Trei aliweza kusoma namba migongoni mwa wale wanne.

Ilikuwa zamu yake mbele lori lilipoanza kuwapita upande wa kulia, karibu mno, likiwabana kwenye ukingo wa saruji. Na hapo, hatua ishirini mbele, akaliona. Shimo refu lenye maji, limeula ukingo wote. Kati ya shimo na magurudumu ya lori kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mmoja mwepesi. Kiuno chake kiliijua nafasi ile, kikaanza kugeuka.

"Shimo mbele!" alipiga kelele. "Rudi nyuma! Rudi!"

Akakizuia kiuno. Alinyooka kama msumari, akainuka kwenye kiti, hakugusa breki, akaliingia shimo.

Gurudumu la mbele lilipona. La nyuma lililia, rimu ikajikunja, tairi likapasuka kwa mshindo. Akaendelea moja kwa moja akiyumba, mkono mmoja hewani kuonyesha kwamba ameharibikiwa. Wifi, aliyekuwa ameacha kukanyaga pedali mara aliposikia sauti, alikuwa nyuma mita tatu. Lori lilipita. Wifi akalizunguka shimo.

Walitazamana kwa muda wa kupepesa jicho.

"Nenda!" alisema Mama Trei. "Hao hapo, nenda!"

Wifi akaenda.

Mama Trei aliisukuma baiskeli kilomita tatu zilizobaki, rimu ikikwaruza kila mzunguko. Alipofika, vibao vya mbio vilikuwa vinang'olewa. Kocha aliitazama rimu, akamtazama yeye, akasema tu kwamba rimu kama hiyo hainyoshwi, itabidi atafute nyingine. Baiskeli hakuiomba.

Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Alikuwa amemaliza wa tatu.

"Nafasi ya mtu mmoja ilikuwepo," alisema bila salamu. "Niliiona nilipopita. Ungepita."

"Ilikuwepo."

"Na siku ile, mteremkoni? Ilikuwepo ya wawili?"

Mama Trei alikaa ngazi ya chini yake. Hapa ndipo angeweza kutafuta neno zuri. "Hata ya watatu," alisema. "Sikukuchukia, wifi. Ningekuchukia ningekukumbuka. Nilikusahau. Nilidhani nyuma kuna trei."

Bega la wifi, lile lililovunjika, likaanza kutikisika, na Mama Trei alidhani analia.

"Miezi saba," wifi alisema, akijifuta macho kwa kicheko, "nimelala nikijiuliza wifi yangu ananichukia kiasi gani. Kumbe mimi ni yai!"

"La kienyeji," alisema Mama Trei.

"Nyamaza. Bado nina hasira na wewe." Akamtazama kichwani. "Hicho kitambaa kinaficha nini?"

"Hujui?"

"Kifungue." Mama Trei akakifungua. Wifi alishusha pumzi kama fundi aliyeletewa gari lililogonga ukuta. Kisha akainua mkono, polepole, ukapita kifua, ukapita bega, ukasimama kidogo mahali pa maumivu, ukapanda tena mpaka ukafika kwenye nywele. Akazishika, akazitenganisha kwa vidole.

"Kesho asubuhi njoo saluni," alisema. "Uje na kitana chako, changu utakivunja. Na ile sufuria uitoe ukutani kabla sijapita."