Upanga wa Bwana Kochi

Mtaani walimwita Bwana Kochi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunika makochi, na kwa sababu mwenyewe alikuwa mnene, mpole, mtu wa kukaa. Ungempelekea kochi lililopasuka hadi sponji inachungulia, ukarudi baada ya wiki ukadhani amekubadilishia. Mkono alikuwa nao. Kasoro yake aliijua peke yake: akikuta fremu imeliwa na wadudu, hakuwa na haraka ya kumwita mwenye kochi aone. Alipachika kipande cha ubao, akavuta kitambaa juu yake, akagonga misumari. "Mtu hakalii fremu," alizoea kutania, "anakalia kitambaa."

Mkewe alikuwa amefariki, na watoto hawakujaliwa. Ndugu aliyebaki naye ni mdogo wake wa kike, msusi mwenye saluni nyuma ya soko, ambaye kila Jumapili alikuja kumtembelea na binti yake. Walipokuwa wadogo walikuwa wakipigana kwa fimbo na kujifanya mashujaa, na kila mara dada ndiye aliyeshinda. Labda ndiyo maana, alipotimiza miaka hamsini na tano, Bwana Kochi alinunua upanga.

Ulikuwa upanga wa bandia, wa bei ya chini, wenye mpini wa plastiki uliopakwa rangi ya dhahabu inayobaki kiganjani ukiushika. Muuzaji alimwambia wazi kwamba ule ni wa kutundika ukutani. Yeye akaona aibu kutundika kitu kibaya namna ile katika nyumba ya fundi. Akautandikia magazeti juu ya meza ya sebuleni, na kwa wiki sita kila akitoka kazini aliushughulikia. Alisugua chuma kwa msasa hadi kikameta. Alichonga mpini mpya kutokana na mguu wa kiti cha zamani, mti mgumu uliomtoa jasho.

Alipoung'oa mpini wa plastiki ndipo alipoona. Chuma cha upanga hakikuingia ndani. Kiliishia pale pale mpini unapoanzia, na kilichoendelea ni kijiti cha chuma chembamba kama penseli, kilichochomelewa kwa tone moja tu, na tone lenyewe lina ufa.

Fundi wa kuchomelea alikuwa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kutoka mlangoni. Bwana Kochi alisimama na ule upanga uchi mkononi, akafikiria kwenda. Lakini fundi yule alikuwa na mdomo. Mtaa mzima ungejua kwamba mzee wa makochi anacheza na mapanga. Akamimina gundi, akausukuma mpini mahali pake, akauzungushia ngozi nyekundu iliyobaki kwenye kiti cha daktari mmoja, akaupigia misumari midogo ya shaba. Ukapendeza mno. Mwishowe, kwa kuwa upanga butu ulimkera, akautia makali kwa tupa.

Jumapili ile dada yake alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, binti yake mbele ya magoti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Bwana Kochi akautoa upanga. Dada akausifia, akacheka, akamwambia hata leo angemshinda. Basi kaka akataka kumwonyesha. Akafyeka hewa mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mpini ulibaki mkononi na chuma kikaenda.

Dada alifunika kichwa cha mtoto kwa mkono wake wa kulia. Mtoto hakuguswa hata unywele.

Hospitali walishona kano wakajitahidi, lakini vidole viwili, cha shahada na cha kati, havikukunjika tena. Kwa msusi hivyo ndivyo vidole vyenyewe. Saluni ilibaki mikononi mwa wasichana aliowafundisha, yeye akikaa kwenye kiti cha pembeni na kuelekeza kwa maneno. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa jibu moja: ajali haina kinga. Akasema hivyo hata mbele ya kaka yake, tena kwa kumtetea, shemeji zake walipotaka kumlaumu.

Maneno hayo yalimtesa Bwana Kochi kuliko matusi. Alivumilia miezi minne. Kisha asubuhi moja alimfuata nyumbani kwake, akamkuta anajifunza kupepeta mchele kwa mkono wa kushoto.

"Mdogo wangu, niliona," alimwambia. "Nilipofungua mpini niliona chuma kina ufa. Nikafunika."

Dada hakuinua macho. Aliendelea kupepeta kidogo, halafu akaweka ungo chini.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu unawaambia watu ni ajali. Ile ilikuwa na kinga, nami niliiacha ng'ambo ya barabara."

"Afadhali ungeniachia ajali yangu, kaka," akasema. "Nilikuwa nimeshaizoea."

Miezi mitatu dada hakufika kwake. Bwana Kochi alifanya kazi kama kawaida, ila sasa kila kochi alilofungua alimwita mwenyewe aje aione fremu, na wengine walichoka naye wakaenda kwa mafundi wasio na maneno. Hakuwalaumu. Jioni aliketi sebuleni akijiuliza kwa nini alimwambia: kwa ajili ya dada, au kwa ajili ya kupumua mwenyewe. Jibu hakulipenda.

Kisha Jumapili moja dada alirudi na binti yake. Hakumwita kaka, alimwambia mtoto amsalimie mjomba, kisha akaketi upande ule mwingine wa ua. Mtoto alikuwa na kikohozi. Dada akatoa chupa ya dawa, akahangaika na kifuniko kwa mkono wa kushoto, kikagoma. Akamnyooshea Bwana Kochi. Yeye akaifungua, akamrudishia.

"Asante," dada akasema, akammiminia mtoto kijiko.

Bwana Kochi hakudai zaidi.