Daftari la Gratien na Mstari wa Msomi

Gratien amepima sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kwenye mwalo wa Gisenyi kwa miaka ishirini na miwili. Kila asubuhi mitumbwi ikirudi, huandika kilo daftarini kwa mwandiko safi ambao hata masista wa misheni ya Nyundo wangeusifu. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi, mpaka mgongo ukamkatalia. Shule aliishia darasa la sita.

Mwaka jana akaja Sano, mtaalamu wa kituo kimoja cha utafiti, aliyekulia Tanzania, na viatu vyeupe kwenye tope la samaki. Alikuwa akitengeneza mstari wa nyakati mtandaoni: historia ya utafiti wote wa ziwa, ukibofya mwaka inatokea picha ya msomi na alichogundua. Akabeba madaftari yote.

"Na jina yangu itaonekana?" Gratien akauliza. Hakutaka kingine. Nyumbani walimcheka kwamba anaandika samaki bure.

"Tutaangalia, mzee wangu."

Tutaangalia! Neno la mtu aliyekwisha kuamua.

Siku ya uzinduzi hotelini, Gratien aliketi nyuma kabisa na shati lake la misa. Ukutani ukatokea mstari wenye vitone vyekundu zaidi ya mia mbili, kimoja kwa kila mara daftari lilipokosa kilo: "Samaki watoweka." Kila mwezi balaa! Wakubwa wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi, niliyeketi kando ya Gratien, niliona aibu kwa niaba yao, maana hakuna aliyeuliza sababu. Kuuliza si ujinga, lakini kwa mwenye shahada ni fedheha.

Gratien akasimama. "Bon, samaki haikupotea. Ile iko mwezi mukubwa. Sambaza tunavua na taa. Mwezi ikiwaka sana, haifuate taa. Donc, basi, sisi wote tunalala, hatuvue."

Sano akaandika upesi, akamshukuru kwa mikono miwili. Gratien akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Baada ya wiki mbili binti yake, Iribagiza, alifungua ukurasa ule kwenye simu. Vitone vyekundu havipo. Kipo kimoja cha kijani, na ukikibofya unamwona Sano akitabasamu: "Agundua uhusiano wa mwezi mpevu na mavuno ya sambaza." Chini, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: "Chanzo: wenyeji."

Gratien alisoma mara mbili, akarudisha simu. Tangu siku hiyo hajaandika hata kilo moja.

Juzi Sano alipiga simu kuomba takwimu mpya.

"Mi sijue," Gratien akamjibu. "Uliza mwezi. Si ni we uliigundua?"