Choroko za Bi Zainabu

Usiku ule nililala mapema, nimekasirika. Nilikuwa nimeutia utenzi wangu ndani ya bahasha na kuutupa juu ya kabati, maana miaka mitatu ilitosha. Ulikuwa na beti mia mbili na kumi, zote juu ya mtu mmoja asiyejua kwao, na mtu huyo ni mimi. Beti za kufungia tu ndizo zilizonishinda. Kwetu mtunzi hafungi utenzi bila kujitaja: jina lake, la baba yake, na kwao. Sasa mimi nijitaje nani?

Mama yangu alifariki aliponizaa, katika chumba alichopanga nyumbani kwa Bi Zainabu, Pangani. Baba hakuna aliyemjua. Bi Zainabu, mjane asiye na mtoto, ndiye aliyenilea, na siku ya kuniandikisha shule akataja jina la marehemu mumewe, Hamadi. Nikawa Rajabu Hamadi. Nilipopata akili za ujana nikaliita jina la kuazima, tena mbele yake. Alikufa mimi nikiwa Njombe, ninakofundisha jiografia, na nilifika Pangani amekwisha kuzikwa. Sikutoa chozi. Nilirudi kwenye baridi yangu nikaanza kuandika.

Usingizini nikajikuta nimesimama darasani na chaki mkononi, madawati yote matupu. Naandika jina langu ubaoni, linafutika. Naandika tena, linafutika. Nageuka kutafuta dasta, na darasa limekuwa ua wa Pangani, mchana, kamba ya nguo imejaa kanga. Bi Zainabu amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, ungo wa choroko mapajani. Sikushangaa. Nilijua kwamba amekufa, naye alijua, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Soma."

Karatasi ziko mkononi, sijui zimefikaje. Nasoma. Yeye anachambua choroko vile vile kama zamani, aliponifundisha mizani kabla sijajua kuandika: kila silabi punje moja inasogezwa pembeni, zikifika nane mstari umetimia, zikipungua narudi mwanzo. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini sikio lake halikudanganyika. Nasoma juu ya baba niliyemuulizia kila mji niliopita. Nasoma juu ya nyumba yenye giza na mtoto anayejipikia uji. Vidole vinakwenda tu, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, naogopa kukosea.

Nafika kwenye ule ubeti nilioupenda kuliko yote, niliowaringia hata walimu wenzangu.

"Nikakua peke yangu," nasoma.

Kidole kinasimama.

"Rudia."

"Nikakua peke yangu."

Anazitazama punje. Anazihesabu kwa sauti ya chini, moja moja, hadi nane.

"Mizani imetimia," anasema. "Ila si kweli."

Nataka kujitetea kwamba ushairi ndivyo ulivyo. Napekua karatasi nikimtafuta yeye, ubeti wa kwanza, wa hamsini, wa mia, na simwoni popote. Beti mia mbili na kumi, na aliyenipikia uji hayumo. Naona aibu mpaka masikio yanapata moto.

"Bibi, nisamehe. Lile jina niliona umeniazima."

"Kanzu ndiyo huazimwa," anasema, bila hasira, huku akipepeta. "Jina nilikupa."

Anainuka na ungo wake, anaingia jikoni kuteleka choroko. Namfuata, na mlango ninaousukuma ni wa chumba changu cha Njombe. Nimeamka. Ukungu umejaa dirishani na jogoo wa jirani anawika.

Niliishusha bahasha kabla sijanawa uso. Mstari ule nikaukata kwa wino. Kuziba pengo lake kutanichukua siku nyingi, maana inabidi nimwingize mwanamke mzima katika nyumba niliyoiandika tupu. Lakini ubeti wa kufungia ulikuja wenyewe, nikiwa bado nimejifunga blanketi:

*Mtunzi ndimi Rajabu,*
*mwana wa Bi Zainabu,*
*alonifunza hesabu*
*kwa choroko za ungoni.*

Choroko sikuwa nazo ndani. Nikamwaga maharage mezani, nikausoma polepole kwa sauti, nikisogeza punje kwa kidole. Nane, mistari yote minne. Hapo ndipo nilipolia, kilio nilichokuwa nacho tangu siku ile niliyofika Pangani nikakuta kaburi bado bichi.